Sahani Zimekwisha

Somra, mlinzi wetu wa maporomoko, alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wale vijana wakaicheza. Ebo! Wakaifanya sehemu ya muziki. Walitoka mjini Jamshedpur, kwenye kiwanda cha chuma, na spika lao kubwa wakaliweka chini kabisa, juu ya mwamba katikati ya mto.

"Shangazi, mbuzi ameiva au bado analia?" walikuwa wameniuliza asubuhi. Mimi huwapikia wageni huku juu. Binti yangu Salgi huosha masufuria kule chini.

Somra alinijia mbio. "Dada Etwari, tazama maji!"

Nikatazama. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yanaburuta matawi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, na sasa mto ulikuwa unatuletea maji yake. Salgi alikuwa amechutama kwenye mwamba mdogo, ameupa mto mgongo, anasugua sufuria kwa majivu.

"Puliza tena!"

"Nimepuliza, dada. Wananicheka."

Nikashika upawa, nikagonga mfuniko kama mwendawazimu. Kila mgeni anaujua mlio huo, chakula tayari. Loo, ungewaona! Watu waliotia pamba masikioni wakasikia nyama. Wakapanda wakisukumana, spika begani, wakaziba kijia chote. Mimi ningepita wapi kushuka?

Salgi akainua kichwa. Nikamwita kwa mikono yote miwili. Akacheka, maskini mtoto. Akawaonyesha wageni kwa kidole, kisha akajigusa kifua: wao kwanza, mimi baadaye. Akainama tena. Na nani alimfundisha? Mimi! Tangu anatambaa namwambia sisi hatugusi chakula kabla mgeni hajashiba. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, maporomoko yakaimeza yote. Maji yakaanza kulamba mwamba wake.

Ndipo nikakumbuka kikapu cha sahani. Sahani zetu za majani zikiisha, mimi hukiinua juu ya kichwa, mdomo chini, naye huja mbio kushona nyingine. Siku hiyo kilikuwa kimejaa. Nikazimwaga zote matopeni, nikakiinua.

Salgi akaitupa sufuria, akaruka. Akapanda pembeni, kwenye miiba, kwa mikono na miguu, maana wageni hawangojeshwi. Nyuma yake mto ukaichukua sufuria, kisha mwamba nao haukuonekana tena.

Alifika anahema, miguu inatoka damu. Wala hakuwa amegeuka kutazama nyuma.

"Mama, sahani nzuri hizi, mbona umezimwaga?"

Nikamkumbatia, nikalia mbele za watu bila haya. Kisha nikachota pande la nyama iliyonona, nikamtia mkononi. "Kula."

"Shangazi, na sisi je?" akasema yule wa spika.

"Funga mdomo wewe! Kula, mwanangu. Leo unaanza wewe."

Salgi akaishika ile nyama, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akawa anawatazama wageni, anasubiri.