Matanga ya Mtu Aliye Njiani

"Mwenzangu, njia yote ile ya hija, kwa miguu, peke yako, nani atakulinda?" Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo huku kabana pini mdomoni. Nikamjibu kwamba Mungu hajastaafu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, yeye hakuuliza kitu. Alisema tu, "Nenda, shemeji, nyumba nitakuangalizia." Nami kwa ujinga wangu nikashukuru.

Njia ile nimeitembea. Nimelala katika nyumba za mahujaji ambazo milango yake haina komeo, tena nimelala fofofo. Dereva wa lori alipunguza mwendo asinitimulie vumbi. Mwanamume mmoja alinifuata kutwa nzima; kumbe maskini aliogopa kutembea mwenyewe, na misuli yote ile! Hakuna aliyenigusa hata upindo wa nguo.

Nikarudi. Kufika kwangu, viatu vimejaa kizingitini, na sebuleni watu wamekaa mikekani, vichwa chini. Shemeji kasimama katikati, leso machoni, anaomba: "Ee Mungu, mpokee mjane wa kaka yangu, aliyefia njiani..."

"Amina," nikaitikia kutoka mlangoni.

Fundi cherehani akapiga yowe. Wengine wakarudi nyuma hadi ukutani kama kuku walioona mwewe. Mimi nikatua mzigo wangu, nikaketi mkekani.

"Endelea, shemeji. Ulikuwa umenifikisha wapi?"

"Shemeji... tulisikia kuna mama mtu mzima kakutwa amekufa kando ya njia, tukajua ni wewe."

"Ulimwona? Ulimzika?"

"Njia ile mbaya, kila mtu anajua."

"Njia ile imenilisha, ikanilaza. Ubaya nimeukuta hapa." Nikatazama mlango wa chumba changu, unanuka rangi mbichi. "Na rangi hii, ndiyo ya kunililia?"

Fundi cherehani akapata sauti. "Alituambia nyumba imerudi kwa ukoo. Mpangaji anahamia mwisho wa mwezi."

"Lo! Hata kufa vizuri hamjaniacha. Haya, shemeji, waambie waliokuja kunililia: nyumba hii ya nani?"

Wote wakamgeukia. Jasho likamtoka kama aliyenyeshewa.

"Yako," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Akapita katikati ya mikeka, akiruka miguu ya waombolezaji wake, akatoka.