Maua ya Nesi Mwingine

Rozina na Herieth walisomea uuguzi Moshi, darasa moja, wakapata ufadhili wa masomo Guangzhou, China, kwa pamoja. Lakini tangu waanze mafunzo katika wodi ya wazazi, Rozina alikuwa hamtazami mwenzake bila kuumia.

Herieth alikishika Kichina upesi. Wajawazito walimwita kwa jina. Mama wakwe zao walimpa machungwa na kumpapasa mikono wakicheka. Rozina alipokaribia kitanda, haohao walimtafuta kwa macho nesi wa Kichina. Kazi yake ikawa kubadilisha mashuka.

"Wewe una bahati," alimwambia Herieth wakila tambi kantini.

"Bahati gani? Nasoma, Rozi. Njoo tuwe tunafanya mazoezi pamoja."

"Nina mambo yangu."

Hakuwa nayo. Asingevumilia kusahihishwa na Herieth.

Asubuhi moja aliletwa Nahla, mke wa Dullah, mfanyabiashara wa nguo kule mtaa wa Xiaobei. Uchungu ulikuwa umekaza. Rozina alipomsalimia kwa Kiswahili, uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi! Dada, wewe ndiye yule nesi wetu anayejua Kichina?"

"Siyo mimi. Ni mwenzangu."

"Basi niitie yeye, dada'angu."

Herieth alikuwa chumba cha pili tu. Rozina alifika mlangoni, akasimama kidogo, akarudi.

"Ana kazi nyingine," alisema. "Mimi nipo."

Mtoto wa kike alizaliwa salama. Daktari akatoka, mkunga akageuka kumpima mtoto. Rozina alipoinua shuka, aliona damu inatiririka kuliko kawaida. Akamgusa Nahla tumboni: mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea. Akaanza kuukanda kwa nguvu, Nahla akapiga yowe.

"Vumilia, mama! Niangalie mimi, usilale!"

Kisha akapaza sauti kwa neno la Kichina la damu, akilikosea lafudhi, akilirudia, hadi mkunga akageuka na madaktari wakamiminika. Hawakumtoa mikono, walimwacha akande huku wao wakichoma sindano. Mchana, Nahla alikuwa anakunywa uji.

Alasiri mkuu wa wodi, Bi Liang, aliingia na shada la maua kutoka kwa Dullah. Akampita Rozina, akamkabidhi Herieth. Alikuwa ameambiwa ampe nesi wa Kiafrika, na wa Kiafrika aliyemjua ni huyo.

Hata hili, Rozina aliwaza. Akashika njia kutoka.

Nyuma yake Herieth alianza kusema Kichina, kwa kasi, kwa kirefu. Rozina aliambulia jina lake tu. Bi Liang akawa mwekundu, akayachukua maua, akamletea Rozina kwa mikono miwili huku akiongea.

"Anasemaje?"

"Anaomba radhi," alisema Herieth. "Anasema uliwahi kabla ya daktari. Kesho utasimama naye chumba cha kujifungulia."

Rozina alishukuru. Lakini alikuwa akiutazama mdomo wa Herieth. Hata sifa zake mwenyewe alikuwa anazipata kwa ulimi wa mwenzake.

"Nahla aliniomba nikuite," alitamka ghafla. "Sikukuita."

"Najua. Ameniambia."

Herieth alichukua mkoba wake, akaondoka bila kumngoja.

Kesho yake Bi Liang alisema jambo ambalo Rozina hakulielewa. Rozina akageuka kumtafuta Herieth. Hakuwapo, alikuwa ameomba ahamishiwe wodi ya watoto.