Sema Ulikuwa Wewe

Madereva wenzake walimwita Kobe kwa sababu nyumba yake alitembea nayo. Ndani ya kabini ya lori kulikuwa na blanketi lake, mto, kandambili, chupa ya chai na kigoda. Pale kwenye kampuni hakuna dereva aliyemzidi miaka, ndiyo maana Mama Pacha alipoajiriwa, meneja alimkabidhi kwake. Leseni ya magari makubwa mama huyo alikuwa nayo, lakini kazi aliyoizoea ni kuendesha kigari cha kusambaza mikate, mpaka kiwanda cha mikate kilipofungwa. Sasa ilibidi asafiri na Kobe, aendeshe huku anaangaliwa, hadi mzee atakapompigia meneja simu na kumwambia, "Huyu ameiva."

Simu hiyo haikupigwa.

"Gia, mama, gia! Unasubiri ikubembeleze?" Kobe alifoka kila walipoanza kupanda mlima. Lori lilikuwa limejaa saruji. Akichelewa kubadilisha, lilisita kama linataka kurudi kinyumenyume. Akiwahi, gia zilisagana kama mtu anayetafuna kokoto. Nyuma yao magari yalipiga honi. Kwenye maghala ndiko kulikuwa na balaa lenyewe. Ukirudi nyuma, trela ukitaka kisogo chake kiende kushoto, unakata usukani kulia. Kichwani alilijua hilo vizuri, mikono ndiyo iliyogoma. Wapakuaji waliacha kazi wakaja kumtazama, mikono viunoni. Mmoja akauliza kwa sauti kama wamsubiri, au waende kwanza wakaoe halafu warudi. Mama Pacha akacheka pamoja nao, kisha akaenda chooni na kufungulia maji ili asisikike akilia.

Jioni alipiga simu nyumbani. Mapacha wake walikuwa wakilelewa na bibi yao. Mwanzoni waligombania simu mpaka ikaanguka. Siku hizi bibi ndiye aliyepokea na ndiye aliyeongea.

"Nipe niwasikie, mama."

"Wanacheza, mwanangu. Nimewaita, wamesema kesho. Hivi hayo mafunzo yana mwisho kweli?"

"Mzee akiridhika."

"Na yeye anaridhishwa na nini?"

Mvua zilikuja zikapita, na mikono yake ikazoea. Akawa anaingiza trela ghalani kwa jaribio moja tu, na wapakuaji hawakuinua hata macho. Milima akaipanda bila kelele. Lakini meneja alipopiga kuuliza, Kobe alimjibu vilevile, "Bado mbichi." Yeye mwenyewe usukani hakuushika. Alikaa upande wa pili na kuuliza maswali. "Kile kibao kinasema nini? Nijibu, nataka kuona kama unakisoma." Mama Pacha aliamini hayo nayo ni masomo.

Asubuhi moja, wakifunga mlango wa trela, vidole vya Mama Pacha vilibanwa na komeo. Mkono ukavimba, usukani haushikiki. Mzigo ulikuwa unasubiriwa. Kobe alichukua funguo, akasimama muda mrefu mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya kabini, kisha akapanda.

Aliendesha polepole, shingo mbele, kifua karibu kugusa usukani. Mbele yao jua lilipiga kioo. Walipofika mahali barabara inapokarabatiwa, mfanyakazi mmoja mwenye fulana ya kung'aa aliinua bendera nyekundu.

"Bendera, mzee."

"Naiona."

Lori halikupunguza mwendo.

"Mzee! Mtu! Mtu mbele!"

Kobe alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Vizuizi vya plastiki viliruka. Mshika bendera naye aliruka, lakini bampa ilimwahi mguu.

Mama Pacha alimkuta amelala kwenye kifusi, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Akapiga magoti kando yake, akamshika kichwa kwa mkono mzima. Wenzake walikuja mbio, wakampakia kwenye gari lao na kumkimbiza hospitali. Alipogeuka alimwona Kobe kando ya tairi, anazungusha uso huku na huku, anatafuta kelele zinatoka wapi. Hapo ndipo akaelewa.

Kobe alimsikia akija, akamvuta nyuma ya trela.

"Polisi wanakuja. Sema ulikuwa wewe."

"Mimi?"

"Hakuna aliyetazama kabini. Mkono utasema umeumia kwenye ajali hii hii. Mwanafunzi watamwonya, yataisha. Mimi watanipima macho, na nikipimwa nimekwisha. Leo hii nampigia meneja. Namwambia umeiva. Umeiva siku nyingi, mama."

"Siku nyingi tangu lini?"

Kobe alipangusa uso kwa kiganja. "Tangu kabla ya mvua."

"Na ukanyamaza?"

"Ungepewa gari lako. Mimi nani angeniangalizia njia?"

Alikumbuka watoto waliosema kesho. Alitaka kumzaba kibao, na alitaka kumkalisha kwenye kigoda chake ampe maji, na hakujua lipi lilimuuma zaidi.

Askari alipouliza nani alikuwa kwenye usukani, Kobe aligeuza uso kuelekea mahali alipodhani Mama Pacha amesimama. Alikuwa amesimama kwingine.

"Alikuwa yeye," Mama Pacha alisema. "Mzee haoni vizuri. Nimejua leo."

Kobe alifutwa kazi, leseni ikachukuliwa. Mshika bendera aliwekewa vyuma mguuni. Madaktari walisema atatembea, ila kwa kuchechemea. Meneja alimwambia Mama Pacha kwamba mafunzo ya mtu asiyeona hayahesabiki, ataanza upya na dereva mwingine. Pale yadi, alipokaribia watu wakinywa chai, maongezi yalikatika. "Huyo akipanda gari lako, chunga ulimi," mmoja alisema, wala hakushusha sauti.

Lori lilihitajika, na hakuna aliyetaka kugusa vitu vya Kobe. Mama Pacha alivifunga ndani ya blanketi akampelekea nyumbani.

Mke wa Kobe alifungua mlango nusu. Alipoona furushi akajua ni nani. Alilipokea, lakini hakusema karibu. Kwa ndani, kwenye kochi lililotazama dirishani, mzee alikuwa amekaa na viatu vyake vya safari miguuni.

"Nani huyo?" aliuliza, uso wake umeelekea mlangoni kabisa.

Mkewe alimtazama Mama Pacha kitambo.

"Mtu wa kazini," alijibu.

"Mwambie aingie, basi. Anieleze habari za barabarani."

"Ana haraka," mkewe alisema, akafunga mlango taratibu.

Mama Pacha alibaki barazani kidogo. Alimsikia mzee anauliza tena ni nani, na safari hii hakujibiwa. Akashuka ngazi, akaenda zake yadi, ambako dereva mwingine alikuwa ameshawasha lori na anamsubiri, hamtazami.