Shemasi wa Chini ya Bwawa

Mchana wa sikukuu ya Mtakatifu Dewi, msimamizi wa Welisi, Nesta Pugh alipanga foleni kwenye duka la dawa mjini, ua la njano limebanwa kwenye koti lake. Alipofika dirishani akapewa vidonge vya presha na dawa ya kuchua goti, akasema asante, akaondoka bila kufungua pochi. Huko Welisi dawa ya daktari hailipiwi, na imekuwa hivyo muda mrefu hata watu wamesahau kushukuru. Akapita kwa mchinjaji kuchukua shingo ya kondoo, akapanda basi la kurudi kwake, mlimani juu ya bwawa.

Nyumbani aliinjika supu, kisha akatandaza magazeti sakafuni kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti kilicho karibu na moto. Baba yake alikuwa anakuja jioni hiyo, na baba yake hudondosha maji.

Ifor Pugh alikufa kwa kifua mwaka mmoja kabla kijiji cha Nant Helyg hakijazamishwa. Kilizamishwa ili mji mkubwa ng'ambo ya mpaka upate maji. Wabunge wa Welisi walikataa karibu wote, lakini London ikapitisha vilevile, kama mtu anayekata suruali ya jirani ili atie kiraka yake. Makaburi yalimwagiwa zege. Walio hai wakahamishiwa nyumba za kupanga mlimani, akiwemo Gwladys, mke wa Ifor, na Nesta mwenyewe, wakati huo bado anang'oka meno ya utoto.

Shida ilikuwa kanisa. Kwa watu wale, jambo zito haliamuliwi na mchungaji. Waumini hunyoosha mikono, na pale Nant Helyg ilikuwa desturi kwamba mkono mmoja tu usiponyooshwa, jambo haliendi. Wakati Ifor angali hai, kikao cha kulifunga kanisa kiliitishwa. Wote walinyoosha, isipokuwa shemasi Ifor. Yeye aliikalia mikono yake, kwenye kile kiti kirefu cha mashemasi mbele ya mimbari. Basi kanisa halikufungwa. Maji yalilikuta wazi, na likaendelea na ibada zake kama kawaida. Siku zisizo na upepo, wanaotembeza mbwa kandokando ya bwawa husikia zaburi, hasa sauti nzito za wanaume.

Na kwa kuwa kanisa lilikuwa wazi, waumini waliozikwa pale hawakuwa na ruhusa ya kuhamia kwingine. Ndicho kilichomuumiza Nesta. Mama yake alizikwa mlimani, na kwenye jiwe lake imeachwa nafasi ya jina la pili. Mama naye, tangu yu hai, alikwisha apa kwamba hakanyagi maji ya wale wa ng'ambo, abadani. Nesta alitaka jambo moja tu duniani: baba apande alale na mama, kabla yeye mwenyewe hajafa akaenda kuwakuta wazazi wake wanaishi kila mmoja kwake.

Jioni ilipoingia, mlango ukagongwa. Ifor aliingia na mzee Emrys Mkate, marehemu mwenzake wa chini ya bwawa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaokea wanakijiji mikate. Ifor alikuwa na nywele nyeusi za mtu wa miaka arobaini na moja. Binti yake alikuwa anakaribia sabini.

"Unachechemea, mwanangu," alisema, akikaa.

"Goti, Baba. Nasubiri upasuaji. Mwaka wa tatu huu."

"Kwenye hospitali za hiyo serikali yenu ya Cardiff?"

"Hizo hizo."

"Ifor, usianze," alisema Emrys. "Mtoto hata supu hajatupakulia."

Walikula. Kila mwaka mazungumzo yalikuwa hayohayo: Ifor alisema atanyoosha mkono kanisa lifungwe siku Wawelisi watakapokuwa na serikali yenye faida kwao, na Nesta alimletea ushahidi. Alianza tangu mwaka ule wa kura ya kutaka bunge lao wenyewe huko Cardiff, iliyopita chupuchupu, na baba yake akacheka mpaka maji yakamtoka puani.

"Ile mifuko ya plastiki," alisema Emrys, kama aliyeikumbuka ghafla. "Ilikuwa inashuka mpaka juu ya mimbari. Kila Jumamosi kazi yangu kuokota. Siku hizi siioni. Nani kaizuia?"

"Cardiff," alijibu Nesta. "Waliamuru mfuko ulipiwe. London ikaja kuiga miaka baadaye."

Emrys akapiga meza. "Unasikia, Ifor? London imetuiga sisi! Jamani, mimi nimekufa mapema."

"Bungeni kwao wanasema lugha gani?" Ifor aliuliza.

"Kiwelisi, anayetaka. Hamna wa kumkataza. Hata kibao cha choo kimeandikwa Kiwelisi, tena ndicho kinachotangulia."

Kijiko cha Ifor kilisimama hewani. Aliwahi kwenda mbele ya tume kukitetea kijiji chake, akaambiwa aseme Kiingereza au akae. Alikaa.

"Na Mama," Nesta aliendelea, "miaka yake ya mwisho hakulipia kidonge hata kimoja."

"Mimi ile dawa ya kifua nilikuwa nainywa nusu," alisema Ifor taratibu, "ili ifike mwisho wa mwezi." Akaweka kijiko chini. "Haya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hako kaserikali kenu kamefanya kazi. Sikutegemea."

Miaka yote hiyo baba hajawahi kufika hapo.

"Na maji?" aliuliza Ifor.

Kila mwaka swali hilo lilipokuja, Nesta alimwongezea supu. Safari hii sufuria ilikuwa tupu. Emrys, nyuma ya bega la Ifor, alimkonyeza kwa jicho lake lililovimba: sema ni yetu, binti, sema tu. Wote kule chini walikuwa wamechoka kulala chini ya zege. Neno moja, na baba angepanda mlimani usiku uleule. Nesta alilitamani neno hilo kama mwenye kiu. Lakini alilelewa na Gwladys, na uongo hakufundishwa.

"Yanaenda, Baba. Bomba ni lile lile. Siku hizi Cardiff wanauliza, na wana kauli kubwa kidogo kuliko zamani. Ila yanaenda."

"Najua," alisema Ifor. "Huwa nayasikia yakitoka. Nilitaka kujua tu kama utanidanganya."

"Sisi wengine tumeridhika!" Emrys alipandisha sauti. "Kidogo si haba, Ifor! Mimi nataka kulala pakavu. Una kichwa kigumu kuliko hilo zege, haki ya Mungu!"

"Twende kikaoni," Ifor alisema.

Nesta alivaa koti akawafuata hadi ukingoni, wao wakashuka majini. Maji yalikuwa maangavu, na taa za kanisa zilikuwa zimewashwa, kwa hiyo aliona kila kitu. Mchungaji aliuliza swali lilelile la zamani: kanisa lifungwe? Mikono ikapanda, safu kwa safu. Ifor akainuka kutoka kiti cha mashemasi, akashuka, akatembea kati ya viti vyote hadi kile cha mwisho karibu na mlango. Hicho ni cha wageni, na mgeni hana kura. Akakaa pale, kofia magotini.

Mchungaji alitazama tena. Mikono yote ya waumini ilikuwa juu. Kanisa likafungwa.

Wakatoka majini familia kwa familia, wanakamua sketi na soksi, wakampita Nesta wakimwamkia. Emrys alikuwa wa mwisho.

"Ametuachia njia," alisema. "Nimemwambia bado hujachelewa. Akasema maji yakiondoka bila mtu wa kuyaangalia, wale wa ng'ambo watadhani hayakuwa na wenyewe."

Nesta alilia, na hasira ilizidi huzuni. Shemasi mzima, kawafungulia watu wote mlango, kabaki yeye peke yake na viti.

Kule makaburini mlimani wageni hao walikuwa wanatafuta pa kulala na kusogezana, na kelele zao zikamwamsha Gwladys. Aliuliza mmoja mmoja Ifor yuko wapi, mpaka akajibiwa. Baada ya muda Nesta akamwona anateremka njia, mama wa miaka themanini na mitano, kavaa ndala za ndani, mkoba mkononi.

"Mama, wewe si uliapa?"

"Niliapa nikidhani atachoka yeye kwanza."

"Ningedanganya angekuja."

"Angekuja, halafu angetununia milele. Ulifanya vizuri." Alimfunga binti yake kifungo cha koti. "Hii serikali ni nzuri, Nesta, asikuambie mtu. Imenitunza mpaka nimekufa, na imezungumza nami kwa lugha yangu. Lakini mume wangu haijaweza kunirudishia, na mimi kungoja kumenishinda."

Akaingia majini bila kuvua ndala. Ifor alikuwa amefika mlangoni na taa. Akainyanyua, akamtazama uso wote.

"Umezeeka, Gwladys."

"Na wewe umebaki bwege yuleyule. Sogea huko nikae."

Nesta aliketi ukingoni mpaka kukapambazuka, akisikiliza watu wawili wanaimba wimbo wa sauti nne. Asubuhi mlinzi wa bwawa alifika na gari lake, akamsalimu, akafungua lango, na maji yakaanza safari yake ya kuvuka mpaka.