Sikupi Mji

Usingizi hauombi ruhusa kwa mtu mwenye hasira, humvizia tu. Nyamizi amejilaza kwenye kochi la sebuleni mchana huu wa Jumapili, kandambili bado ziko miguuni, na anajiambia kwamba halali, anapumzisha macho tu, maana mtu aliyepotelewa na ukoo mzima atalalaje? Mezani mbele yake kompyuta imekaa kimya, na kitambaa chake cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano, kimerudishwa juu yake vizuri kama sanda. Kitambaa hicho ndicho kilichoiua. Shangazi Sikujua, anayekaa naye hapa Tabora tangu afiwe na mumewe, amefuma kitambaa kwa kila kitu chenye heshima ndani ya nyumba. Redio ina chake, televisheni ina chake, jokofu lina chake, hata mtungi wa maji ya kunywa unacho. Wiki iliyopita, akijiandaa kwenda kanisani, akaikuta kompyuta imeachwa inawaka, uchi, vumbi linaitazama, akaihurumia. Akaifunika gubigubi, kitambaa juu ya kitambaa, matundu yote ya kupumulia yakazibika, na mashine ikaungua kimya kimya wakati wao wanaimba mapambio. Jana fundi alisema pole dada, diski imekufa, hakuna cha kuokoa, watu siku hizi wanatunza vitu vyao mawinguni. Mawinguni! Nyamizi alitamani kumpiga na kibodi. Ndani ya mashine ile ulikuwamo ukoo wa Luhende wote, sauti za wazee aliozunguka kijiji kwa kijiji kuwarekodi, na juu ya zote sauti ya Bibi Kalunde, mtu wa mwisho aliyelijua jina la mama yao mkuu, yule mwanamke aliyeachwa mgonjwa njiani na msafara wa wapagazi, babu Luhende akamuuguza, akamwoa, naye mwanamke akawazaa wao wote. Bibi Kalunde naye yuko kaburini. Kesho fundi wa mawe anachonga majina ya jiwe la makaburi ya ukoo kule Isenga, na baba mkubwa Mihayo, mwenyekiti wa ukoo, ameshakata shauri: asiye na jina haandikwi, na mambo ya mwanamke wa kuokotwa njiani yabaki hukohuko njiani. Nyamizi anakumbuka kila kitu katika rekodi ile. Anakumbuka kikohozi cha Bibi, mchi wa jirani, na kuku aliyeingia ndani Bibi akakatisha maneno kumfukuza, shii, toka, halafu ndipo akalitaja jina. Kuku anamkumbuka. Jina halikumbuki.

Lala kidogo, mwanangu, anasema Shangazi kutoka jikoni. Silali, anajibu Nyamizi, na hapohapo ua moja la kile kitambaa linapanuka, linakuwa tundu, tundu linakuwa mlango, na yeye, ambaye leo hana subira na mlango wa aina yoyote, anainama anapita. Upande wa pili kuna barabara ya vumbi jekundu katikati ya miyombo, na barabara inagawanyika mara mbili, na kila tawi linagawanyika tena, na njia yoyote anayoshika inampitisha kwenye kichuguu kilekile, mara kiko kulia, mara kiko kushoto, mara kiko nyuma yake na bado hajakifikia. Mbele anatembea mtu mwenye furushi kichwani. Nyamizi anamkimbilia, anamshika bega, na mtu yule anapogeuka hana uso. Pale penye macho na pua na mdomo pamelainika kama kipande cha sabuni kilichooshewa mpaka mwisho. Lakini malezi ni malezi. Shikamoo, anasema Nyamizi. Yule mtu haitiki. Anamtazama, ikiwa mtu asiye na macho hutazama, toka kichwani hadi miguuni, kisha anasema, Mnyamwezi gani huyu anatembea njia kuu mikono mitupu? Nyamizi anasema ametafuta jina la mama yake mkuu hadi huku, tafadhali amwonyeshe njia. Kitendawili, anasema yule mtu. Na mdomo wa Nyamizi unajibu wenyewe kama ulivyofunzwa utotoni, tega. Anakula kila anachopewa, hashibi, na siku akifa anaondoka na matonge ya wenzake. Nyamizi anafikiri. Angekuwa macho angejibu hata kabla hakijaisha, lakini huku akili imeganda kama ugali wa jana. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Sheria ni sheria, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na Nyamizi anatoa Nzega, kwa sababu haoni ubaya wa kutoa Nzega kwa mdomo tu. Nimekwenda Nzega, anasema yule mtu akitembea, nimekaribishwa, nimekula, nimelala, na jibu lako ni ile mashine yako. Na kweli wameshafika Nzega, ila Nzega imegeuzwa kama inavyoonekana ndani ya kioo, maandishi ya maduka yanasomeka kinyumenyume, watu wanapeana mkono wa kushoto bila aibu, na barazani amekaa mjomba Kasele, ambaye Nyamizi alimrekodi mwaka juzi akisimulia habari za njaa. Mjomba ananyanyua mkono kumsalimu, na kadiri anavyounyanyua, uso wake unafutika, kwanza masharubu, kisha kicheko, kisha macho. Mjomba! anaita Nyamizi. Sahani tupu inamgeukia.

Basi sasa anajua mchezo wenyewe ulivyo, na anajua kwamba hautaki. Anashika barabara ya kurudi, barabara inamrudisha kwa yule mtu. Anakata kushoto, kushoto kunajikunja kunakuwa mbele. Kitendawili, anasema mwenye furushi. Nyamizi anafunga mdomo kwa kiganja na mdomo unasema tega kupitia vidoleni. Mapenzi yamenifunika, mapenzi yameniua. Hiki anakijua. Anakijua vizuri mno, jibu limejaa kinywani, na kulitoa ni kumtaja Shangazi Sikujua, ambaye tangu siku ile hali vizuri, na usiku anasikika akijilaumu chumbani, mikono ile iliyomlea Nyamizi baada ya mama yake kufa. Kwa fundi hakumtaja. Kwa baba mkubwa Mihayo hakumtaja, alisema umeme ulikatika. Ataanza kumtaja kwa mtu asiye na hata pua? Sijui, anasema Nyamizi. Yule mtu anacheka mpaka furushi linatikisika. Umejua ukakataa. Haya, nipe mji. Chukua Urambo, anasema Nyamizi kwa hasira, na machozi yanamtoka kwa sababu Urambo kuna dada zake, mabinti wa baba mdogo, na anawaona wamesimama kisimani katika Urambo ya kioo, ndoo zikiwa vichwani na maji yakipanda juu badala ya kushuka, wanamgeukia mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja anayemfahamu, wala yeye hawezi tena kumtofautisha mkubwa na mdogo. Inamuuma kuliko siku ile fundi aliposema diski imekufa. Pale alipoteza sauti zao, hapa anawapoteza wenyewe.

Unalia? anasema mwenye furushi. Mnyamwezi analia barabarani! Babu zako walivuka nchi nzima na pembe za ndovu begani wakiimba, wewe umeangusha kisanduku kimoja unalia. Tena kisanduku chenyewe kilibebwa na meza. Nyamizi anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na hasira inampanda kutoka kwenye nyayo, lakini barabara haimsubiri, imeshafika Isenga. Isenga si ya kioo bado. Imekaa sawasawa, mihogo inaanikwa juu ya mawe, moshi unatoka mapaani, na pale makaburini ukoo wote umesimama kwa mistari, waliokufa na walio hai, Luhende mwenyewe na mkuki wake, Bibi Kalunde na kikohozi chake, na pembeni kabisa, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa kukaa, mwanamke amewapa mgongo. Kitendawili, anasema yule mtu, na mara hii sauti yake ni ya chini, karibu ya upole. Tega, unasema mdomo. Hakuzaliwa ndani, akawazaa wa ndani wote. Ni yeye! anasema Nyamizi akinyoosha kidole. Yeye nani? Mama yetu. Mama hana jina? Nitajie jina, au nipe mji. Nipe Isenga.

Hapo ndipo Nyamizi anasimama. Anamwona baba mkubwa Mihayo katika mstari wa walio hai, amefumba macho, anangoja tu mji utolewe mambo yaishe, na Nyamizi anafahamu kwamba kesho mambo yataisha vivyo hivyo, kwa adabu, kwa kunyamaza, watu wakisema basi tena, ndiyo hivyo. Hapana, anasema. Hapana nini? Sikupi mji. Aliyeshindwa lazima atoe. Sitoi! Nimekupa Nzega kwa ujinga, nimekupa Urambo kwa mapenzi, Isenga hupati hata jiwe la jiko. Yule mtu anapiga kofi kwa furaha. Mnyamwezi amekuwa mkali, jamani, tokeni mje mwone, mpagazi amegoma! Na katika kicheko kile Nyamizi anakumbuka kicheko kingine. Msibani kwa Bibi Kalunde, kaburi likiwa wazi na watu wakilia, Mzigua mmoja aliruka akalala ndani ya shimo, akasema hatoki mpaka apewe kuku wa kumsindikizia kikongwe, na waliokuwa wakilia wakacheka huku wakilia, na hakuna aliyemkasirikia, kwa sababu Mzigua ni mtani wa Mnyamwezi, na ni nani mwingine duniani mwenye ruhusa ya kumdhihaki mfiwa? Nyamizi anamtazama huyu wa kwake vizuri. Kumbe ndiyo maana hakuitika shikamoo. Kumbe safari yote anamwomba mtu asiyeombwa, anampigia magoti mtu anayengoja kutukanwa. Mtani hunyang'anywa, na akinyang'anywa hana pa kwenda kushtaki.

We Mzigua, anasema Nyamizi akifunga kanga kiunoni, uso umeusahau wapi, au umeuweka rehani kilabuni? Na tangu lini Mzigua akajua kubeba mzigo? Shingo yenyewe kama ya kuku mwenye kideri! Lete hapa, hiyo ni kazi yenye wenyewe. Na kabla mwenzake hajapata la kujibu ameshamrukia, amelishika furushi kwa mikono miwili, wanavutana, vumbi linatimka, ukoo mzima unashangilia, Bibi Kalunde anakohoa kwa kicheko, na furushi linamtoka yule mtu kichwani na kutua kifuani pa Nyamizi. Ni zito. Hakijawahi kubebwa kitu kizito namna hii na mtu mmoja. Anafungua fundo kwa meno. Ndani hamna kitu cha kushika. Mna mchi wa jirani, tu, tu, tu. Mna kikohozi. Mna sauti ya Bibi Kalunde inasema, basi yule mama, mjukuu wangu, yule mama aliitwa, ngoja nimfukuze huyu, shii, toka, toka huko, aliitwa Mwamvua. Mwamvua binti Semkiwa, wa Uzigua.

Mwanamke aliyewapa mgongo anageuka. Ana uso. Ana pengo la jino mbele, lilelile alilokuwa nalo mama yake Nyamizi, na anakuja taratibu katikati ya mstari, na Luhende anasogea kumpa nafasi. Ndugu yetu huyo, anasema mtani, na sasa sauti inatoka mdomoni, maana kidomo kimeanza kuchipuka usoni pake. Sisi tulimpoteza, nyinyi mkampata, halafu mkalaza jina lake kwenye kisanduku. Nimelibeba peke yangu mpaka shingo imepinda, nangoja mwenye kazi aje aninyang'anye, na wewe unanijia na tafadhali! Nyamizi anacheka, analia. Nzega yangu? Urambo yangu? Nenda kawaite majina uone kama hawatageuka, anasema mtani. Lakini usidhani unaondoka bure. Anainama, anamchomoa Nyamizi kandambili ya mguu wa kushoto, anakimbia nayo akiipunga, na barabara zote zinamfuata.

Mwamvua, anasema Nyamizi, na feni inazunguka juu yake. Yuko kwenye kochi. Kompyuta iko mezani imefunikwa. Hajui kama jina limetoka kwa mtani au limetoka katika masikio yake mwenyewe, mahali ambapo moto haufiki, na hajui hata kama ameamka, kwa sababu Shangazi Sikujua amesimama mlangoni na jua liko nyuma yake, na uso wake hauonekani. Mwamvua binti Semkiwa, Nyamizi anasema tena, kwa nguvu. Shangazi, umewahi kulisikia? Shangazi anasema, siwezi kusema uongo, mwanangu, sikumbuki, lakini umelitaja nimesisimka mwili. Anaingia ndani, jua linamwachia, na ni yeye, macho yake mekundu ya kulia, uzi wa njano umemnasa kidoleni. Nisamehe kile kitambaa, anasema. Nyamizi anamshika mikono yote miwili. Kitambaa chako hakijaua mtu, Shangazi. Vaa viatu, twende Isenga sasa hivi.

Na Mihayo akiuliza umelitoa wapi? anauliza Shangazi. Mwambie nimempokonya mtani. Kama anakataa, aende akashtaki! Shangazi anacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili iliyopita, halafu anatazama chini. Na kandambili ya pili iko wapi? Wanaitafuta chini ya kochi, nyuma ya meza, jikoni, mpaka ndani ya kapu la nyuzi. Haipo. Nyamizi anautazama mguu wake wa kushoto, una vumbi jekundu, lakini Tabora nzima ni vumbi jekundu, hilo si ushahidi wa kitu. Anaivua na ile moja iliyobaki, anaiacha mlangoni, anatoka peku. Barabarani anapita kichuguu upande wa kulia, na hakumbuki kama kilikuwapo hapo jana. Hageuki kukitazama. Kama huku ndiko kuamka, jina litachongwa kesho Isenga, na kama huku ndiko ndoto, litachongwa ndotoni, na fundi wa mawe apende asipende, asiye na uso au mwenye nao, atachonga herufi zote na Nyamizi amemsimamia. Mwamvua, anasema kila anapokanyaga. Mwamvua.