Mgeni wa Pajani

Nikutegee, mjukuu wangu: tulimtoa kwa kisu, akarudi bila hodi, akakaa palepale. Nani huyo?

Mwanangu Mativo, mchonga vinyago wa Shauri Moyo, alitolewa uvimbe wa saratani pajani Desemba ya themanini na mbili. Daktari alimwonya: uvimbe ukirudi, uje mbio, maana unaorudi mapema ndio unaoua.

Agosti nikamkuta akichonga twiga, amemkaza kwa paja la kushoto. Maisha yake yote hukaza kwa la kulia! Nikafunua gunia alilojifunika. Yesu wangu! Uvimbe kama yai la bata, juu ya kovu lilelile.

"Huu umerudi lini, Mativo?"

"Mama, unanizibia mwanga."

Nikamnyang'anya tezo. "Lini, baba?"

"Tangu Pasaka, mama. Niliogopa watakata mguu."