Hina ya Bi Sabaha

To, to, to. Maji ya bomba yalianza kudondokea kwenye ndoo kabla ya adhana, na Hyasinta akaamka. Uani alikuta ndoo yake iko mbele ya zote. Stella, mpangaji wa chumba cha pili, ndiye aliyeitanguliza.

"Leo si una usaili? Oga uende, shosti."

Usaili ulikuwa saa mbili. Miaka yote Hyasinta alikaa kaunta ya mfuko wa pensheni kwa mkataba wa muda, na sasa nafasi ya afisa mafao ilikuwa imetangazwa. Lakini kwanza alikuwa na mtu wa kumfufua.

Bi Sabaha, dobi mstaafu wa hospitali, hakufika kuhakikiwa kuwa yu hai. Ofisi iko ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na magoti yake yamekataa ngazi. Mfumo ukamwandika amefariki, pensheni ikakatwa.

"Aje mwenyewe," alisema Bwana Aristides, mkuu wa kitengo. "Mashine haitoki hapa."

Jana jioni Hyasinta aliitia mashine ya alama za vidole mkobani, akatoka nayo.

Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, mikokoteni ilishaanza kugombea njia. Bi Sabaha alikuwa barazani na kanga mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimejipamba, wasije wakasema umepiga picha maiti."

Akanyoosha mikono. Hina ilikuwa imeiva vidoleni mpaka kwenye ncha. Hyasinta akatoa mashine. Kidole gumba, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Hina ilikuwa imeziba alama.

"Bibi, umejizika mwenyewe!" alitania Nassibu, muuza mitumba wa jirani.

Bi Sabaha alicheka. Hyasinta akaishika mikono yake, akaifuta kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kidole baada ya kidole. Hina haikutoka, na saa mbili ikafika. Simu ikaita, hakuipokea.

"Na hiki chenye plasta?"

"Nilijikata na mbuzi nikikuna nazi. Kimeshapona, ila hina hakikupata."

Wakabandua. Mashine ikalia, taa ikawa kijani. Bi Sabaha akapiga kigelegele, wapita njia wakampokea bila kujua cha nini.

Simu ikaita tena, Hyasinta akaipokea. Alikuwa Bwana Aristides.

"Hyasinta! Mashine iko wapi? Na nani huyo anayepiga vigelegele?"

"Ni yule marehemu wetu, bosi."

Bwana Aristides akakohoa. "Jopo bado wanakunywa chai. Wahi."

"Nakuja. Ila kesho naiomba tena, bosi. Marehemu wengine wananisubiri."

Nassibu alishasimamisha bodaboda na kulipa nauli. Bi Sabaha akamtilia Hyasinta vitumbua vya moto mkobani, juu ya mashine.

"Mwakani uje tena kunihakiki."

"Usipake hina basi, bibi."

"Nitapaka. Kidole kimoja nitakuachia. Wewe uje tu."